Bakuli la Sukari, 1956: siku timu ya Pittsburgh ilikataa kumwacha Bobby Grier

Leo tunaacha kidogo habari za barabara na bei ya unga. Tunaingia katika historia ya mchezo. Ni historia ya Marekani, ya miaka 70 hivi iliyopita, lakini swali lake familia zilizokimbia vita zinalijua vizuri. Kundi likifika kwenye kizuizi na kuambiwa "ninyi wengine piteni, huyu mmoja abaki", wenzake wanafanya nini?

Mchezo wenyewe ni upi

Kwanza tuelewane. Wamarekani wakisema futuboli hawasemi kabumbu yetu. Mpira wao ni mrefu kama yai. Unabebwa mkononi, unatupwa mbele, na mara chache tu unapigwa teke. Timu mbili zenye watu 11 kila upande zinasukumana kwenye uwanja wa yadi 100, yaani mita 91 hivi. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne ili isonge mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wengine. Anayefikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani anapata pointi 6, na baadaye teke moja katikati ya miti linaweza kuongeza pointi 1. Kwa hiyo mukisikia matokeo ya 7 kwa 0, jueni kwamba mstari ule ulivukwa mara moja tu.

Kule, timu za vyuo vikuu zinapendwa sana. Wachezaji ni wanafunzi, lakini viwanja vyao vinajaza makumi ya maelfu ya watu. Msimu ukiisha, karibu na mwaka mpya, timu zilizofanya vizuri zinaalikwa kwenye mechi za pekee zinazoitwa "bakuli". Jina limetokana na umbo la viwanja vyenyewe. Pasadena kule California wana Bakuli la Waridi, Dallas walikuwa na Bakuli la Pamba mpaka mwaka 2009, na New Orleans, katika jimbo la Louisiana, wana Bakuli la Sukari, Sugar Bowl. Mechi ya kwanza ya Bakuli la Sukari ilichezwa tarehe 1 Januari 1935. Tulane, chuo kikuu cha mji huo, kiliishinda Temple ya Philadelphia 20 kwa 14.

Jina la sukari halikuokotwa njiani. Louisiana ilitajirika kwa miwa, na miwa hiyo ililimwa na watumwa. Wengi kati yao walitolewa pande za Kongo, kwenye mwambao wa Atlantiki. Mpaka leo New Orleans ina kiwanja kinachoitwa Congo Square, mahali ambapo siku za Jumapili watumwa waliruhusiwa kukutana, kupiga ngoma na kucheza. Kwa hiyo mji huu una jina letu ndani yake tangu zamani, hata kama wengi wetu hatujui.

Makubaliano ya mdomo

Utumwa uliisha Marekani mwaka 1865, lakini katika majimbo ya kusini sheria mpya zilitenganisha Weusi na Wazungu kila mahali: shuleni, hospitalini, kwenye basi, kwenye bomba la maji ya kunywa. Vyuo vikuu vya kusini havikupokea Weusi, na timu zao zilikuwa za Wazungu watupu. Vyuo vya kaskazini vilikuwa na mchezaji Mweusi mmoja hapa, wawili pale.

Sasa, timu ya kaskazini ikialikwa kusini, ilikuwaje? Kwa miaka mingi kulikuwa na makubaliano ya mdomo, yasiyoandikwa popote: timu ya kaskazini inamwacha mchezaji wake Mweusi, mechi inachezwa, kila mtu ananyamaza. Boston College walikuwa na mkimbiaji hodari, Lou Montgomery. Tarehe 1 Januari 1940 walicheza Bakuli la Pamba huko Dallas, yeye hakuruhusiwa. Mwaka uliofuata, 1941, walikwenda kwenye Bakuli la Sukari na kuishinda Tennessee 19 kwa 13. Mara hii tena, Montgomery hakucheza. Chuo kilichukua ushindi wake na sifa zake, na mtu aliyesaidia timu kufika pale akabaki pembeni.

Baada ya vita kuu ya pili ya dunia mambo yalianza kutikisika. Tarehe 1 Januari 1948, Wallace Triplett na Dennie Hoggard wa Penn State walikuwa Weusi wa kwanza kucheza katika Bakuli la Pamba. Lakini katika Bakuli la Sukari mlango ulikuwa bado umefungwa.

Pittsburgh inaalikwa

Mwishoni mwa 1955, waandalizi wa Bakuli la Sukari walialika timu mbili. Ya kwanza ilikuwa Georgia Tech, chuo kikuu cha ufundi cha Atlanta, mji mkuu wa jimbo la Georgia, timu ya kusini iliyofundishwa na kocha Bobby Dodd. Ya pili ilikuwa chuo kikuu cha Pittsburgh, ambacho watu wanakiita Pitt kwa kifupi, kutoka mji wa viwanda vya chuma kule Pennsylvania. Kocha wao alikuwa John Michelosen.

Pitt walikuwa na mchezaji mmoja tu Mweusi. Jina lake Bobby Grier, kijana wa Massillon, mji wa jimbo la Ohio. Timu ikiwa na mpira, yeye alikuwa kati ya wanaoubeba kwa nguvu katikati ya watu. Timu ikipoteza mpira, alirudi nyuma kulinda.

Mara hii Pitt hawakukubali yale ya Lou Montgomery. Viongozi wa chuo walisema Grier atasafiri na timu, atakula na timu, atalala pale timu inapolala, na atacheza. Wanafunzi wao wakawa na neno fupi: bila Grier hakuna mechi. Waandalizi wa New Orleans wakaitika. Waliitika hata kwamba katika sehemu ya viti iliyotengwa kwa mashabiki wa Pitt, Weusi na Wazungu wakae pamoja. Sehemu nyingine za uwanja zilibaki na utengano wake.

Georgia Tech nao hawakuwa na shida. Tayari mwaka 1953 walikuwa wamekwenda kaskazini kucheza na Notre Dame, timu yenye wachezaji Weusi, na hakuna aliyekufa. Ilionekana jambo limekwisha.

Telegramu ya gavana

Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama ambalo ni jirani na Georgia, mama mmoja Mweusi aitwaye Rosa Parks alikataa kumwachia Mzungu kiti chake katika basi. Akafungwa. Kesho yake, tarehe 2 Desemba, gavana wa Georgia, Marvin Griffin, alituma telegramu kwa baraza linalosimamia vyuo vya serikali vya jimbo lake. Aliomba likataze timu yoyote ya vyuo hivyo kucheza na timu yenye Mweusi, au mahali ambapo watazamaji wamechanganyika. Alitumia maneno ya Biblia, ya vita vya mwisho vya Har-Magedoni. Alisema kusini iko vitani na haipaswi kumpa adui hata nafasi ndogo.

Mkumbuke kwamba mwaka 1954 mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imesema shule za serikali haziwezi kutenganisha watoto kwa rangi. Watu wa siasa kali wa Georgia waliogopa kwamba wakiachia uwanja wa mpira, kesho wataachia na darasa. Walimshinikiza gavana, naye akageuka. Hapo ndipo mechi ya wanafunzi ikawa jambo la serikali.

Usiku uleule wanafunzi wa Georgia Tech walitoka mabwenini. Walikuwa karibu 2,000. Walichoma sanamu ya gavana, wakatembea mpaka kwenye jengo la serikali ya jimbo, wakavunja mlango, wakaendelea mpaka kwenye makao ya gavana mwenyewe. Mbunge mmoja aliwatuliza, na mwishowe wakarudi kulala.

Hapa tuseme ukweli wote, maana historia si ya kupamba. Wale vijana walikuwa Wazungu watupu, na wengi wao hawakutoka usiku ule kwa kutetea haki ya Weusi. Walitaka mechi yao. Walikuwa wamefanya kazi msimu mzima, wamenunua tiketi za treni, na mwanasiasa akaja kuwanyang'anya sikukuu. Lakini hata hivyo, watu 2,000 wa kusini walisimama mbele ya nyumba ya gavana na kumwambia kwamba ubaguzi wake umewakosesha kitu. Jambo kama hilo lilikuwa halionekani Georgia.

Mtu mwingine aliyesimama ni mkuu wa Georgia Tech, Blake Van Leer. Aliwaambia wajumbe wa baraza waziwazi kwamba timu inakwenda New Orleans, la sivyo watafute mkuu mwingine wa chuo. Baraza lilikutana tarehe 5 Desemba, na karibu wajumbe wote wakapiga kura mechi ichezwe. Lakini waliweka kifungu: timu za Georgia zikicheza nje zitafuata desturi za wenyeji, na mechi za nyumbani Georgia zitabaki bila Weusi. Waliruhusu safari moja, na nyumbani kwao hawakubadili kitu. Van Leer hakuishi muda mrefu kuona matokeo. Alifariki Januari 1956, wiki chache tu baada ya mechi.

Siku ya mechi

Timu ziliingia uwanja wa Tulane tarehe 2 Januari 1956. Grier alikuwa Mweusi wa kwanza kucheza katika Bakuli la Sukari. Uwanja huo ulijengwa mahali palipokuwa zamani shamba la miwa. Fikirini maana yake: mjukuu wa watu waliokatazwa kila kitu anakimbia na mpira mbele ya maelfu ya watu, kwenye udongo ambao Weusi waliulima bila malipo.

Mechi iliamuliwa mapema, katika robo ya kwanza, na iliamuliwa juu ya Grier. Georgia Tech walitupa mpira mrefu kuelekea mchezaji wao Don Ellis, karibu na mstari wa Pitt. Grier alikuwa anamlinda. Wote wawili walikosa mpira, Grier akaanguka. Mwamuzi akatupa kitambaa: kosa la Grier, amemzuia mwenzake kushika mpira. Adhabu yake ni kali. Mpira uliwekwa yadi 1 tu kutoka kwenye mstari, na Wade Mitchell wa Georgia Tech akaingia nao. Teke la ziada likaongeza pointi ya saba.

Grier alisema alisukumwa kutoka nyuma, na kwamba hakufanya kosa. Kwa siku nyingi magazeti yalibishana juu ya filamu ya mchezo ule. Kila mpenda kabumbu anajua uchungu wa namna hii, lakini huu ulikuwa na uzito wa pekee. Mtu mmoja tu uwanjani ambaye nchi nzima ilikuwa inamtazama, na filimbi ikaangukia yeye.

Pitt walisukuma mpaka mwisho. Walifika karibu kabisa na mstari wa Georgia Tech zaidi ya mara moja, wakarudishwa. Grier mwenyewe alikimbia vizuri siku ile. Saa ziliisha, 7 kwa 0. Baada ya mechi alieleza kwamba wachezaji wa Georgia Tech walicheza naye kiungwana. Jioni alikaa kwenye karamu ya timu hizo mbili. Mechi ilikwisha, hakuna vita vya mwisho vya dunia vilivyotokea, na watu wakarudi nyumbani kwao kama kawaida.

Mlango unafungwa tena

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Haikuishia hapo. Mwezi wa pili wa 1956, Griffin alitia sahihi sheria ya kuweka kwenye bendera ya Georgia alama ya jeshi la kusini, lile lililopigana kulinda utumwa. Na katikati ya mwaka huohuo, bunge la Louisiana lilipitisha sheria ya kukataza Weusi na Wazungu kuchanganyika katika michezo, dansi na burudani zote za watu wengi. Timu za kaskazini zenye Weusi hazikuweza tena kwenda New Orleans. Bakuli la Sukari likabaki la Wazungu.

Sheria hiyo iliwagusa hata wanamuziki. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu, ni mwana wa New Orleans, na bendi yake ilikuwa na Weusi na Wazungu pamoja. Alisema hatarudi kupiga muziki katika mji wake chini ya sheria kama ile, na hakurudi mpaka mwaka 1965. Katikati ya miaka hiyo, mwishoni mwa 1960, alifika Congo, akapiga Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wazee wengine wanakumbuka bado. Alipokuwa anapokewa kwetu kama mfalme, alikuwa hajapiga muziki katika mji aliozaliwa kwa miaka minne na zaidi.

Aliyeipeleka sheria hiyo mahakamani alikuwa mpiga ngumi Mweusi wa Louisiana, Joseph Dorsey, aliyetaka haki ya kupigana na mtu yeyote wa uzito wake. Mwaka 1958 mahakama ilimpa haki, na mwaka 1959 mahakama kuu ya Marekani ikathibitisha. Hata baada ya hapo, mazoea hayakufa upesi. Mpaka tarehe 1 Januari 1965 ndipo Weusi wengine walipoonekana katika Bakuli la Sukari. Hao ni Floyd Little na Jim Nance wa Syracuse, waliocheza na LSU ya Louisiana na kushindwa 13 kwa 10. Kutoka Grier mpaka wao, miaka 9.

Na Georgia Tech? Ilipokea wanafunzi Weusi wa kwanza mwaka 1961, bila kungoja amri ya mahakama. Mwaka 1970 timu yake iliongozwa uwanjani na kijana Mweusi, Eddie McAshan, mtupaji mpira. Bobby Grier, baada ya masomo, aliingia jeshi la anga la Marekani, kisha akarudi kufanya kazi Pittsburgh. Kwa miaka mingi alipoulizwa juu ya ile filimbi, jibu lake lilikuwa lilelile: hakumsukuma mtu.

Bakuli lililohama

Kuna sehemu moja ya mwisho ya historia hii inayowahusu zaidi ninyi munaosoma mukiwa mbali na nyumba zenu. Tangu mwisho wa 1975 Bakuli la Sukari linachezwa katika uwanja mkubwa wenye paa, Superdome. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga New Orleans, kuta za kuzuia maji zikavunjika, na sehemu kubwa ya mji ikazama. Maelfu ya watu waliokosa njia ya kutoka, wengi wao Weusi na maskini, walikimbilia ndani ya Superdome. Paa lilipasuliwa na upepo. Umeme ulikatika, vyoo vilijaa, joto likawa kali, na msaada ukachelewa siku nyingi. Walioishi darasani au kanisani na familia kumi hawahitaji kuelezwa.

Uwanja haukuweza kutumika, kwa hiyo Bakuli la Sukari lenyewe likahama. Tarehe 2 Januari 2006, miaka 50 kamili baada ya mechi ya Grier, lilichezwa Atlanta, katika mji uleule alikotoka Griffin telegramu yake. West Virginia iliishinda timu ya chuo kikuu cha Georgia 38 kwa 35. Weusi na Wazungu walikuwa pande zote mbili, na hakuna gavana aliyeandika kitu. Mwaka uliofuata, Januari 2007, mechi ilirudi New Orleans, kwenye uwanja uliotengenezwa upya. Watu wengi wa mji hawakurudi.

Mimi ninachobaki nacho katika haya yote ni kazi ya wachezaji na viongozi wa Pitt mwezi ule wa Desemba. Hawakubadilisha sheria ya Louisiana. Hata mechi walishindwa. Boston College walipata kombe mwaka 1941, na leo watu wanauliza kwa nini walimwacha Montgomery. Pitt walirudi mikono mitupu, na hakuna anayewauliza swali hilo.

Katika maeneo ya waliohama vita, vijana wanapanga timu kila jioni kwa mpira wa makaratasi na kamba. Na mara nyingi kabla ya mpira kuwekwa katikati, mtu anauliza: huyu ni wa wapi, anasema lugha gani, alikuja na kundi gani? Ninyi munaopanga timu hizo, makapita na walimu, mutasikia siku moja mtu akisema "chezeni, lakini yule asiingie". Jibu la wanafunzi wa Pittsburgh lilikuwa fupi, na linatamkika katika lugha zetu zote.